Bi Emily Aliyejiita George: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa sentensi moja tu, kwamba George Paston, mwandishi wa Kiingereza aliyeandika wasifu wa mabibi mashuhuri wa karne ya 18, hakuwa mwanamume bali mwanamke. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua nne, na nimewaachia waandishi wake lakabu walizojipa wenyewe, kwani ingekuwa ajabu kuwafichua watu katika safu inayozungumzia majina ya kalamu.

*

Assalaam aleikum, Mwalimu. Marehemu baba yangu alikuwa mpenzi wa vitabu vikuukuu, na katika sanduku lake nimekuta kitabu cha Kiingereza kilichochapwa mwaka 1907, kinachoeleza maisha ya Lady Mary Wortley Montagu. Mwandishi ni huyo George Paston. Nilipokisoma nilishangaa jinsi mwanamume alivyoweza kuyaelewa mambo ya ndani ya wanawake, na sasa nasikia kwako kwamba ni mwanamke. Tafadhali nieleze alikuwa nani na kwa nini alijificha. — Mama wa Wawili, Kibokoni

Wa aleikum salaam, dada yangu. Kwanza kabisa kiondoe kitabu hicho sandukuni, ukiweke mahali penye hewa, mbali na ukuta ulioshika unyevu wa bahari, maana karatasi za zamani haziwezani na joto la mji wetu.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Emily Morse Symonds. Alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Norwich, mashariki ya Uingereza, nyumbani kwa kasisi, na katika ukoo wake alikuwamo John Addington Symonds, mshairi na mwanahistoria aliyejulikana sana kwa maandishi yake juu ya Italia. Kwa hivyo uandishi haukuwa jambo geni kwao. Alianza na riwaya, na kati ya mwaka 1894 na 1898 alitoa kadhaa, zote kwa jina la George Paston. Ile ya 1898, A Writer of Books, inamhusu binti wa mtunza maktaba ambaye, baada ya kufiwa na baba yake, anakwenda London kutafuta riziki kwa kalamu yake, anakaa katika chumba cha kusomea cha British Museum, na anagundua kwamba wachapishaji, wahakiki na hata mume wana mawazo yao kuhusu kile ambacho mwanamke anapaswa kuandika. Anayeisoma riwaya hiyo anaona wazi kwamba aliyeiandika aliijua njia hiyo kwa nyayo zake.

Umeniuliza kwa nini alijificha. Katika Uingereza ya wakati ule jina la mwanamume juu ya kitabu cha mwanamke halikuwa jambo jipya. Charlotte Brontë alitoa mwaka 1847, kwa jina la Currer Bell, riwaya iliyokuja kuwa maarufu kuliko vitabu vyake vyote, na Mary Ann Evans aliandika riwaya zake kwa jina la George Eliot hadi akafa mwaka 1880. Mhakiki aliyejua kwamba kitabu ni cha mwanamke alikipima kwa mizani nyingine: akikisifu, alisifu ulaini wake, akikikosoa, alimlaumu mwandishi kwa kutoka nje ya mipaka yake. Jina la kiume lilimsitiri mwandishi, kama vile buibui linavyomsitiri mtu apitaye sokoni, akatazamwa kwa kazi aliyoishika mkononi.

Jina la pili, Paston, linanivutia zaidi. Kwa mtu wa Norwich na mkoa wake wa Norfolk, Paston ni jina la barua. Ukoo wa Paston uliishi huko katika karne ya 15, na ukahifadhi mamia ya barua zake za nyumbani, za mashamba, za kesi na za ndoa, ambazo zilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1787. Nyingi kati ya hizo ni za Margaret Paston, aliyekuwa akimwandikia mumewe aliyekuwa London kwa ajili ya kesi zake, huku yeye akilinda nyumba na mali, tena mara nyingi akimsomea karani maneno naye akayaandika. Bi Emily alilibeba jina hilo, na kazi yake kubwa ikawa ni kusoma barua za wanawake.

Sasa tuje kwenye kitabu chako. Lady Mary alizaliwa mwaka 1689. Mwaka 1712 alitoroka na Edward Wortley Montagu wakaoana, kwa sababu baba yake alikuwa amemtafutia mume mwingine. Ndugu yake wa kiume alikufa kwa ndui mwaka 1713, na yeye mwenyewe aliugua mwaka 1715, akapona lakini uso ukabaki na makovu na kope zikamtoka. Mwaka uliofuata mumewe aliteuliwa balozi katika dola ya Uthmania, naye akafuatana naye hadi Istanbul. Huko alijifunza Kituruki, akavaa mavazi ya wenyeji, akaingia hamamu za wanawake ambako hakuna msafiri mwanamume aliyeweza kuingia, na akaandika kwamba wanawake wa huko, kwa kuwa wamejifunika wasitambulikane, walikuwa na uhuru wa kutembea kuliko wenzao wa Uingereza. Msomaji wa Kibokoni ataisoma barua hiyo kwa macho tofauti kabisa na ya msomaji wa London.

Huko pia aliona namna wazee wa kike walivyokuwa wakiwachanja watoto. Katika barua ya Aprili 1717 anaeleza jinsi bibi mmoja anavyokuja na usaha wa ndui ndani ya ganda la kokwa, akachana mshipa kwa sindano, akatia kiasi kinachobebwa na kichwa cha sindano, kisha akafunga. Mtoto hupata homa ndogo na vipele vichache, halafu anakuwa salama maisha yake yote. Lady Mary alimchanja mwanawe mwaka 1718, na mwaka 1721, ndui ilipotapakaa London, akamchanja binti yake mbele ya matabibu, miaka 75 kabla tabibu Jenner hajajaribu chanjo yake ya ndui ya ng'ombe. Maarifa hayo yaliingia Uingereza kutoka kwa mabibi wa nchi ya Waislamu, kwa mkono wa mwanamke ambaye matabibu walimcheka, na naona fahari kila ninapolieleza jambo hili kwa watu wa pwani.

Lakini baada ya kufa kwake mwaka 1762, jina la Lady Mary lilibaki mikononi mwa waliomchukia. Mshairi Alexander Pope, aliyempenda kwanza kisha akawa adui yake, alimtukana katika mashairi yake, naye mwandishi Horace Walpole alimchora katika barua zake kama kizee mchafu. Shajara aliyoiandika kwa miaka mingi ilichomwa moto na binti yake mwenyewe, Lady Bute, aliyeogopa aibu ya ukoo. Hapo ndipo Bi Emily alipoingia. Alizipata barua za familia ambazo zilikuwa hazijachapwa, akaziweka bega kwa bega na zile zilizokuwa zikijulikana, akamwacha Lady Mary ajisemee: akikosea, anakosea kwa maneno yake, na akiwa hodari, uhodari wake unaonekana bila kupambwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1909, alitoa majuzuu mawili juu ya maisha ya Pope, yule yule aliyemtukana Lady Mary. Humo alieleza maradhi ya mgongo yaliyomfanya asirefuke tangu utotoni, na tabu za kuwa Mkatoliki katika nchi ambayo sheria iliwabana Wakatoliki. Mwandishi aliyekaa miaka na mtu mmoja, akaujua uchungu wake, kisha akaenda kukaa na adui wa mtu huyo na kumsikiliza kwa subira ile ile, huyo kwangu ndiye mwandishi wa wasifu.

*

Mwalimu, sikubaliani nawe kumsifu huyu bibi. Mwandishi wa hadithi ana ruhusa ya kubuni, hata jina lake. Lakini mwandishi wa wasifu ni shahidi, na hakuna kadhi anayepokea ushahidi wa mtu asiyetaja jina lake. Anayedai ukweli kwa wengine aanze na wake. — Mwalimu Mstaafu, Tudor

Hoja yako ni nzito, mwalimu mwenzangu, na nimeifikiria siku mbili kabla ya kuishika kalamu.

Ningekubaliana nawe moja kwa moja kama Bi Emily angeandika juu ya mambo aliyodai kuyaona kwa macho yake. Hapo jina ni sehemu ya ushahidi, kwa kuwa msomaji lazima ajue nani alikuwapo, alisimama wapi na ana uhusiano gani na wanaotajwa. Lakini Lady Mary alikufa karibu miaka 100 kabla Bi Emily hajazaliwa. Mashahidi katika kitabu kile ni barua, na barua zina majina ya walioziandika, tarehe na mahali. Yeye alikuwa kama karani wa mahakama aliyeyapanga maneno ya mashahidi. Karani akipotosha, tunamkamata kwa kuyarejea maandishi yenyewe, awe anaitwa Emily au George.

Tena hakujibunia maisha ya uongo. Hakusema amesoma chuo fulani, wala hakujipa cheo. Waliofanya kazi naye walimjua, akiwemo mwandishi Arnold Bennett, na jina la George Paston lilikuwa juu ya tamthilia zake pia, kama Nobody's Daughter iliyochezwa London mwaka 1910, mahali ambapo mtunzi hawezi kujificha kwa waigizaji wake. Lilikuwa jina la kazi. Sisi hapa pwani tunaijua desturi hiyo. Siti binti Saad wa Zanzibar alizaliwa akiitwa Mtumwa, na hakuna aliyesema kwamba sauti yake ilikuwa ya uongo kwa sababu aliimba kwa jina la Siti. Malenga wetu nao hutia lakabu katika beti za mwisho, na wajuzi hutambua ni nani.

Mpaka ninaouweka mimi ni huu: jina la kalamu linaweza kumfunika mwandishi, lakini halina ruhusa ya kuifunika hati aliyoitumia. Anayeandika "imesemwa" au "inajulikana" bila kutaja imesemwa na nani amewaficha mashahidi wake, hata kama ametia jina lake kamili, la baba yake na la babu yake.

*

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 24. Nyanya yangu alifariki mwaka jana, na ametuachia kasha lenye barua za babu, aliyekuwa baharia, nyingine kwa hati za Kiarabu. Nataka kuandika maisha ya nyanya, lakini wajomba zangu wananiambia mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Nimefikiri nitumie jina la mwanamume kama Bi Emily. Unanishauri nini, na nianze vipi? — Mjukuu wa Likoni

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Mungu amrehemu nyanya yako.

Nianze na jambo linaloniuma. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na kasha kama hilo, na sisi tuliliacha chini ya kitanda tukisema tutalisoma tukipata nafasi. Nafasi ilipopatikana, mchwa walikuwa wamekwisha kupita. Kwa hivyo kabla hujaandika neno moja, zitoe barua, zianike kivulini, zipige picha kila ukurasa pande zote mbili, na bahasha pia, kwa sababu muhuri wa posta unaweza kukupa tarehe ambayo babu hakuiandika. Zile za hati za Kiarabu mtafute mzee anayezisoma, umsikilize akizisoma kwa sauti, nawe uandike kila neno kama lilivyo, pamoja na makosa yake.

Kisha panga kwa tarehe. Hapa kazi ya Bi Emily inaweza kukufunza. Mwaka 1900 alitoa kitabu cha maisha ya Mary Delany, bibi aliyezaliwa mwaka 1700, akaozwa akiwa na umri wa miaka 17 kwa mwanamume aliyekaribia 60, akawa mjane, akaolewa tena kwa ridhaa yake, akafiwa tena, na alipokuwa na miaka 72 hivi akaanza kukata maua kwa makaratasi ya rangi, petali moja moja, akiyabandika juu ya karatasi nyeusi. Kabla macho hayajamshinda alikuwa ametengeneza karibu 1,000, na yamehifadhiwa British Museum hadi leo. Barua za bibi huyo zilikuwa zimechapwa tangu mwaka 1861 na 1862 katika majuzuu sita makubwa, ambayo watu wachache wangekuwa na subira ya kuyamaliza. Bi Emily aliyasoma yote, akachuja, akatoa kitabu kimoja. Nawe utajikuta na mengi kuliko unayoweza kuyaweka, na utalazimika kuacha hata barua nzuri, ikiwa haimwelezi nyanya yako. Hilo la kuacha ndilo gumu kuliko yote.

Kumbuka pia kwamba unazo barua za babu, sio za nyanya. Ni upande mmoja wa mazungumzo. Mwishoni mwa maisha yake Bi Emily alifanya kazi katika nyumba ya wachapishaji John Murray, mtaa wa Albemarle, London. Huko mwezi wa Mei 1824 kumbukumbu alizoziandika mshairi Byron juu ya maisha yake zilichomwa moto mwezi mmoja baada ya kifo chake, lakini barua ambazo wanawake walimwandikia zilisalia. Kutokana na barua hizo Bi Emily alianza kitabu kinachowaonyesha wanawake hao, ambao kwa miaka 100 walikuwa wakitajwa tu kama watu wa pembeni katika hadithi ya mwanamume mashuhuri. Wewe fanya kinyume chake: katika barua za babu tafuta maswali anayoyajibu, kwa sababu kila jibu lina swali lililoulizwa na nyanya. "Umeniambia paa linavuja" ni sauti yake, ijapokuwa imeandikwa kwa mkono wa babu.

Na waliomjua bado wako hai. Wafuate sasa, kwa kaseti au kwa simu, yoyote uliyo nayo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hii hii, aliyefariki mnamo mwaka 1840, tungekuwa na machache mno leo lau Mwalimu Sikujua hangeyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa wameyahifadhi vifuani, yakaandikwa, na hatimaye yakachapwa kitabuni mwaka 1940.

Juu ya wajomba zako, nakuomba usiwachukulie kama maadui. Lady Bute naye alichoma shajara ya mama yake kwa kuogopa aibu, si kwa chuki. Wasomee sura moja, ile inayomheshimu mama yao, wasikie kabla hawajahukumu. Yale yanayogusa siri za walio hai, kama talaka, mirathi au maradhi ya mtu, yaache kando mpaka wenyewe wakupe idhini.

Sheria nayo usiipuuze. Mwenye kasha ana karatasi, lakini maneno ya barua ni ya aliyeyaandika na warithi wake. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki hiyo hudumu muda wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Ikiwa babu alifariki karibuni, wajomba zako ni miongoni mwa warithi, na idhini yao unaihitaji kisheria, mbali na heshima. Kitabu kilichotolewa kwa jina la kubuni nacho kina ulinzi wake, wa miaka 50 tangu kilipochapwa kwanza. Mwandishi akijulikana, hesabu hurejea kwenye ile ya uhai wake.

Jina la mwanamume sikushauri ulitumie. Bi Emily alikuwa na sababu mwaka 1894, na simlaumu, lakini utendi wa Mwana Kupona umesomwa pwani yote tangu mwaka 1858 ukiwa na jina la mama aliyemtungia bintiye, na hakuna aliyeudharau. Ukitaka lakabu, jiite Mjukuu wa Likoni kama ulivyoniandikia. Linakusitiri, na papo hapo linamwambia msomaji ukweli ambao lazima aujue: kwamba unamwandika nyanya yako, na kwamba unampenda.

*

Mwalimu, vitabu vya huyo Paston vinapatikana wapi kwa mtu asiye na pesa za kuagiza ng'ambo? — Kijana wa Majengo

Vingi ni bure. Bi Emily alifariki mwaka 1936, kwa hivyo haki za vitabu alivyoviandika peke yake zimekwisha, kwetu na kwao. Anza na Little Memoirs of the Nineteenth Century cha mwaka 1902, kilichomo katika maktaba ya intaneti ya Project Gutenberg, nacho kina wasifu mfupi mfupi, ukiwemo wa Lady Hester Stanhope aliyehamia Lebanon akafia huko mwaka 1839. Ukimaliza hicho, tafuta At John Murray's cha mwaka 1932, kinachoeleza habari za nyumba iliyochapa vitabu vya Livingstone na Darwin. Kile cha barua za Byron hakikuwa tayari alipofariki. Kilikamilishwa na Peter Quennell na kutolewa mwaka 1939 kwa majina yao wawili, nacho haki zake bado zipo, hivyo utakipata kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu tu.

Na Mama wa Wawili akiridhia, ningependa siku moja kufika Kibokoni nikione kile kitabu cha Lady Mary.